Makaa ya Kwenda Rumonge

Siku chache baada ya arubaini ya fundi Radjabu, alikuja Mzungu na futi kamba. Sitanii. Alikuja na kijana wa kumwongoza, mmoja wa hawa wanaovaa fulana yenye jina la kampuni ya utalii mgongoni, wakasimama mlangoni pa duka langu la kushonea na kuuliza kama hapa ndipo kwenye gari la makaa. Kijana akanieleza kwa Kifaransa, kana kwamba mimi ndiye mgeni, kwamba bwana huyu anazunguka dunia kutafuta vyombo vya usafiri vya ajabu ajabu: treni inayovutwa mlimani kwa kamba, meli iliyozamishwa ikaibuliwa, mambo kama hayo. Bujumbura alikuwa na siku mbili tu. Asubuhi alikwisha kwenda Mugere kuliona lile jiwe lenye majina ya Wazungu wawili waliowahi kulala pale, jioni alitaka kuona viboko, na hapo katikati, baina ya jiwe na viboko, alikuwa amenipangia mimi. Nikawapeleka uani. Pipa lipo, limeota kutu, kuku wanalala ndani yake. Akalipima urefu, akalipima mzingo, akauliza ni la mwaka gani, lilikula kilo ngapi za makaa, lilitoa nguvu za farasi wangapi. Nikamwambia farasi siwajui. Hakuuliza hata swali moja juu ya mtu aliyewahi kupanda gari lile. Alipoondoka nilikuwa nimekasirika hata nikashona mkono wa gauni la mteja ndani nje, ikabidi nifumue. Haya ninayoyaandika yametoka kwenye hasira hiyo.

Mwaka wenyewe ni ule wa embargo, nchi za jirani zilipotufungia mipaka ili wakubwa wetu waone taabu. Wakubwa sijui kama waliiona, sisi tuliiona. Petroli ilipotea, kisha ikarudi kwa chupa za maji, moja moja, chini ya meza za watu. Chumvi ikawa kitu cha kuficha. Mabasi madogo yakalala kando ya barabara bila magurudumu, na watumishi wa serikali wa Mutanga Nord wakawa wanashuka mjini kwa miguu, viatu vya ofisini mkononi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, Mkristo, niliyetoka Mutakura na cherehani kichwani. Yaliyonitoa Mutakura sitayaeleza hapa. Kila mtu wa umri wangu katika mji huu ana yake, na nimechoka kuulizwa. Inatosha kusema kwamba Buyenzi, mtaa wa Waislamu na mafundi wa magari, haikuniuliza. Bibi Zaituni wa avenyu ya kumi na saba alinitazama mimi, akaitazama cherehani, akasema chumba kipo, ila choo ni cha watu kumi na wawili na hapendi mtu wa kukaa sana. Jina langu ni Perpetua. Kinywani mwake likawa Pepetua, na ndivyo nilivyobaki mpaka leo.

Chumba changu kilipakana na chake, na ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kikohozi chake, tasbihi yake, ugomvi wake na redio. Alikuwa anakaribia sabini, mwembamba, mwenye kichwa kigumu kuliko mtu yeyote niliyepata kuishi naye. Asubuhi alipika chai ya tangawizi isiyo na sukari, kwa kuwa sukari haikuwepo, na muhogo wa kuchemsha, na alinigongea ukuta nikale kwa sababu alisema mtu anayeshona na njaa hushona vibaya. Fundi Radjabu, mtoto wake wa pekee aliyebaki, alikuja kunywa chai ile kila siku kabla ya kwenda gereji. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini, mjane, mikono mikubwa, sauti ya kusikika avenyu ya pili. Mwezi wa pili wa kukaa kwangu pale, mchuuzi wa mawese alileta habari kutoka Rumonge: Mwamini, mdogo wake Bibi, amepooza upande mmoja na yuko peke yake. Tangu siku hiyo chai yetu ilikuwa na mazungumzo ya aina moja tu. Bibi alitaka apelekwe Rumonge. Radjabu alikataa.

Rumonge si mbali. Ni kilomita sabini na kitu kwenda kusini, ziwa liko mkono wa kulia njia nzima, na kabla ya vita watu walikwenda asubuhi wakarudi kula cha jioni. Lakini mwaka ule barabara ile ilikuwa na mabarie, vizuizi vya askari, na baina ya barie na barie kulikuwa na vichaka, na vichakani kulikuwa na watu. Kila wiki tulisikia gari limechomwa. Radjabu alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, na kama angesema hivyo basi labda yasingetokea yaliyotokea. Lakini mwanaume wa Buyenzi atamwambiaje mama yake kwamba anaogopa? Yeye akasema petroli. Petroli haipo, mama. Ikipatikana petroli tutakwenda. Alilisema hilo asubuhi baada ya asubuhi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha shinda, mpaka siku moja Bibi akaweka kikombe chini na kunyoosha kidole kwenye banda la kuku.

Banda lenyewe lilikuwa pipa la chuma, refu kunipita, lenye mlango chini na bomba juu. Nilidhani ni tangi la maji la zamani. Kumbe baba yake Bibi alikuwa dereva wa Mgriki mmoja, tajiri wa duka, wakati wa vita vya pili vya Wazungu, Bujumbura ikiitwa Usumbura na petroli imekwisha kama ilivyotukwishia sisi. Mgriki alifunga pipa lile nyuma ya lori: unawasha makaa ndani, unayanyima hewa, yanatoa gesi, gesi inapita bombani na kuingia kwenye injini mahali pa petroli. Waliliita gazojeni. Lori lilikwenda Rumonge kuchukua mawese na kurudi, miaka mitatu. Vita vilipokwisha Mgriki alilitupa, na baba yake Bibi akaliokota kwa sababu hakuweza kuona chuma kizuri kinatupwa. Radjabu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kesho yake nilimkuta amechuchumaa, amewafukuza kuku, ameingiza kichwa na tochi ndani ya pipa. Msidhani alikuwa anamfikiria Mwamini, mama yake mdogo. Alikuwa anayafikiria mawese, ambayo mjini yalikuwa yameadimika, na fundi mwenye gari la kuyaleta angekuwa mfalme wa Buyenzi. Mama yake alimwacha afikiri hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni uchokozi wa mama huyu. Zamani zile yeye ndiye aliyempelekea baba yake chakula gereji na kumshikia taa, kwa hiyo alilijua gari lile lote, kutoka juu mpaka chini. Lakini hakulisema. Alilitoa kijiko kwa kijiko. Radjabu alifunga pipa nyuma ya kamyoneti, pikapu yake ya zamani, akawasha, akazungusha feni ya mhunzi nusu saa, ukatoka moshi uliofukuza waumini wa adhuhuri, gari likakaa kimya. Bibi akiwa kwenye kigoda chake anachambua mboga za lengalenga akasema, pole pole, kwamba makaa yawe ya ukubwa wa yai. Wiki nzima tukavunja makaa. Likakaa kimya. Akasema, aa, na yawe makavu. Wauzaji wanayamwagia maji yasitoe vumbi, hamkujua? Tukayaanika. Siku moja Radjabu alifanya kazi ndani ya kibanda cha uani, mlango umefungwa, tukamkuta ameegemea gurudumu, midomo imebadilika rangi, anatabasamu. Mama yake alimburuta nje na kumpiga makofi mpaka akatapika, ndipo akatuambia kwamba gesi ya gari hili haina harufu na inaua. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Mwishowe gesi ikashika. Radjabu aliweka kiberiti mdomoni mwa bomba, ukatoka mwali wa buluu, injini ikanguruma, watu wa avenyu nzima wakatoka. Ikanguruma dakika tatu ikafa, kwa sababu masizi yaliingia ndani. Hapo ndipo nilipoingizwa mimi. Gesi ilitakiwa ipite kwanza kwenye boksi la bati lenye mifuko ya kitambaa ya kuichuja, na mifuko inashonwa na nani? Nilishona ya kitenge. Rangi ikayeyuka ikaziba. Nilishona ya gunia. Masizi yakapita kama wenye nyumba. Nilijaribu sponji ya godoro, sitaki hata kukumbuka harufu yake. Mteja gani aletaye nguo anataka kuikuta ina masizi? Lakini Radjabu alikuja kila jioni na mfuko ulioharibika akauweka mezani pangu kama mtu anayerudisha samaki mbovu. Nilishona mifuko kumi na moja. Wa kumi na mbili nilimwambia aushone mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata, Radjabu akiwa msikitini, Bibi aliniita chumbani kwake. Nilikuwa sijawahi kuingia zaidi ya mlangoni. Kitanda, chandarua kilichofungwa fundo, kalenda ya miaka mitatu nyuma, na sanduku la bati la kijani lililonukia udi na kitu kingine kikali ambacho sikukijua. Akafungua sanduku akatoa kitambaa cheupe cha marekani, kimekunjwa vizuri, kirefu. Akasema baba yake alitumia hiki hiki: pamba nyeupe, iliyofuliwa mara moja, isiyo na rangi wala wanga. Nikate. Nilimuuliza kama hataki kubakiza kipande cha gauni. Akasema magauni anayo, nikate chote. Akanishikia ncha moja, nikakata. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi. Pamba nzuri kiasi kile sikuwa nimeishika tangu mipaka ifungwe, na mkasi ulipita ndani yake bila kelele.

Mifuko ile ilifanya kazi. Gari lilinguruma kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi, Radjabu akalizungusha Buyenzi yote akipunga mkono. Aliporudi akafungua boksi kuangalia, akautoa mfuko, akaunusa. Akaunusa tena. Akaniuliza kitambaa nimekipata wapi, nikamwambia, na mtu huyu mwenye sauti ya avenyu mbili akakaa chini mavumbini na kusema kwa upole kabisa:

"Umekata sanda ya mama yangu."

Mimi nilijuaje? Kwetu mtu akifa ndipo watu wanahangaika. Kumbe wazee wa pale wengi hununua sanda yao wenyewe mapema, wakaiweka sandukuni na karafuu maiti, ili siku yao wasisumbue watu. Ya Bibi ilikuwa imekaa miaka tisa, na jirani aliyekwenda Hija alikuwa ameichovya maji ya Zamzam. Na mwaka ule marekani haikupatikana mjini hata ya dawa. Watu walizikwa kwa mashuka. Siku tatu hakuna aliyeniletea hata kifungo cha kushona. Nilipokwenda bombani na ndoo, foleni ilinipisha, na si kwa heshima. Nilimwendea Bibi nikilia kwa hasira, nikamwambia amenitenda vibaya, na ni kweli alinitenda vibaya, na mpaka leo nasema hivyo. Aliniambia ninyamaze ninywe chai. Kisha Radjabu akaja, akasimama mlangoni, na Bibi akasema lile alilokuwa analingojea miezi yote.

"Mi ndiye nilimupa. Sanda ni yangu. Sasa iko ndani ya gari yako, inakwenda Rumonge, na mi nabaki hapa? We unataka mama yako na sanda yake walale miji mbalimbali?"

Radjabu alikimbilia kwa shehe akitegemea msaada. Shehe alifikiri kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa, akasema mali ni ya mwenyewe, mwenyewe ana akili zake timamu, na mama akiomba kupelekwa kwa nduguye mgonjwa si vizuri kumkatalia. Halafu akauliza kama kwenye gari kutakuwa na nafasi ya bidoo lake, dumu moja la mawese. Basi Radjabu akakubali, kwa sharti alilolirudia mbele yetu sote mara nyingi: safari moja, kwenda asubuhi, kurudi siku ile ile kabla barabara haijafungwa saa kumi na mbili. Bibi akasema sawa. Alisema sawa haraka mno, na mimi niliyekuwa nimemzoea nilipaswa kushtuka.

Asubuhi ya safari Radjabu aliwasha moto mara baada ya sala ya alfajiri. Mimi nilikuwa niende pia, maana mifuko ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya muda na hakumwamini mtu mwingine kuishika. Yeye yuko nyuma ya kamyoneti anazungusha feni, Bibi akaniita chumbani. Sanduku la kijani lilikuwa wazi, tupu. Akashika pembe ya kitenge changu, akafunga ufunguo wa chumba chake ndani yake, mafundo mawili, huku akisema kama mtu anayetoa maagizo ya chakula.

"Mi sirudi, Pepetua. Nakwenda kukaa na Mwamini mupaka mumoja wetu atangulie. Usimuambie Radjabu. Akijua, ataacha moto uzimike."

Nilimwambia Bibi, usinitie katika hili. Akaniambia nimekwisha kuwemo. Nilisimama mle ndani na ufunguo ule kwenye pembe ya nguo nikisikia feni inavyozunguka, krii, krii, na kila mzunguko ulikuwa nafasi ya kutoka nje na kusema. Neno moja tu. Radjabu alikuwa mwanangu? Hakuwa. Bibi alikuwa mama yangu? Hakuwa. Nani aliniweka kati ya mtu na mama yake? Lakini miezi minane nilikuwa nimemsikia juu ya ule ukuta usiofika bati, baada ya kila sala, akimwomba Mungu jambo moja tu, asife kabla hajamwona Mwamini. Nikanyamaza. Radjabu akaja akabeba mzigo wa mama yake, akauweka nyuma pamoja na magunia ya makaa, akaufunga kamba, akarudi kuzungusha feni mpaka moto ukakolea, tukaondoka.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutia wazimu. Gari la makaa lina nusu ya nguvu ya gari la watu, baiskeli zilitupita. Madirisha yote yalikuwa wazi kwa amri ya Bibi, aliyekaa katikati yetu na pochi mapajani, kwa hiyo tulikula vumbi. Kila baada ya kilomita kumi nilishuka nikafungua boksi, nikatoa mfuko mweusi, nikatia mweupe, na mikono yangu ikawa kama ya muuza makaa. Palipokuwa na mwinuko kidogo, mimi na Radjabu tulisukuma huku Bibi ameshika usukani akituambia tusukume sawasawa. Kwenye mabarie askari hawakujua watufanye nini. Mmoja aliuliza tunapika nini huko nyuma. Mwingine alitaka kuchoma hindi lake kwenye pipa, na Bibi akamwambia achome, ila asifunge mfuniko vibaya, na akamuuliza mama yake anaishi wapi. Tulipita mahali penye gari lililoungua. Palikuwa na sehemu kama hizo tano, na katika moja viatu vilikuwa bado vimetawanyika barabarani. Hapo niliona mkono wa Bibi umeshika kiti, na mdomo wa Radjabu unasoma dua.

Tulifika saa tano. Mwamini alikuwa amelala kwenye mkeka katika chumba chenye dirisha dogo, kichwa kimegeukia mlango, na nilitegemea machozi. Maneno ya kwanza aliyosema, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, ni kwamba dada yake amechelewa. Bibi akamjibu kwamba chumba kinanuka na nani alimsuka nywele namna ile. Baada ya hapo hawakunyamaza. Bibi alichemsha maji akamwogesha, akambadilisha, akamsuka upya, huku wakigombana juu ya nani alivunja chungu cha mama yao, jambo lililotokea kabla mimi sijazaliwa, kabla hata ya lori la Mgriki. Jirani alituletea ugali na samaki wa ziwani, mukeke wa mawese. Bibi alikaa na sahani moja, akachambua samaki kwa vidole, akaupapasa kila mnofu kuona kama una mwiba, akamtia nduguye kinywani, kisha akajitia mwenyewe, zamu kwa zamu. Mimi sikula sana. Ufunguo ulikuwa unanipiga kwenye goti kila nikisogea.

Gazojeni haingoji mtu. Injini ya petroli unaizima unapiga soga. Pipa la makaa linakula makaa yake hata likisimama, na ukiliacha lizimike ni nusu saa nyingine ya kuwasha, na makaa ya kurudia yalikuwa yamepimwa. Radjabu alikwisha kupakia mawese. Alikuja mlangoni mara ya kwanza akasema tujiandae. Alikuja mara ya pili akasema saa saba imefika. Mara ya tatu alivua viatu akaingia.

"Mama, moto unakwisha."

Bibi hakuinua macho kwenye nywele alizokuwa anasuka. "Mi nimefika, Radjabu," akasema.

Nikangoja bati liruke. Nilimjua mtu huyu. Alikuwa amepiga kelele kwa sababu ya spana, kwa sababu ya kuku, kwa sababu ya kifungo. Nilikuwa nimekwisha kuandaa uongo wangu, kwamba sikujua lolote. Lakini Radjabu akapiga magoti, akamwamkia mama mdogo wake kwa mara ya pili siku ile, akauchukua mkono wa mama yake akauweka kwenye paji la uso wake, akauacha hapo. Akauliza kama chandarua kinatosha watu wawili. Bibi akasema kinatosha. Radjabu akanigeukia akasema twende, na tukaenda.

Njiani kote alisema neno moja, mfuko, kila ulipofika wakati wa kuubadilisha. Kwenye barie ya mwisho yule askari wa hindi alichungulia ndani akaona kiti cha katikati kitupu, akatupisha bila kuuliza. Kesho yake nilimpa Radjabu ufunguo. Aliutundika kwenye msumari, naye hakuuliza nimeupata lini. Nilisema moyoni, amekasirika mno hata hawezi kusema. Wiki mbili baadaye magari matatu yalichomwa siku moja kwenye barabara ile, na magari madogo yakakatazwa kupita miezi mingi. Halafu masizi yaliyokuwa yamepita tangu mwanzo yakamaliza injini. Bibi Zaituni alifariki katika mvua zilizofuata, kabla ya Mwamini, kwa malaria, na habari ilitufikia na mchuuzi wa mawese baada ya siku tisa. Alizikwa kwa sanda ya Mwamini. Radjabu alikaa uani siku ile yote karibu na pipa, na mtu akija kumpa pole alimwamkia kama kawaida na kumwonyesha kiti.

Mwaka ule ndio ulionifanya mtu wa Buyenzi, na ndio ulionifunga kwa fundi Radjabu kwa kamba ambayo hakuna aliyeielewa. Wengine walidhani tunapendana. Wapi! Nilimpikia miaka ishirini na saba kwa sababu ya ule ufunguo. Nilimtafutia dawa zake, niligombana naye juu ya maji na kuku, nilimshonea kanzu za Idi, na kila mara alipokaa kimya kwa muda nilijiambia, sasa anawaza: ningejua asubuhi ile, ningekuwa na mama yangu. Niliamini nimemwibia mtu mama yake. Jambo hilo linachosha kulibeba, nawaambia. Nilijaribu kumwambia si chini ya mara ishirini, na kila mara aidha aliitwa gereji au aliniambia chumvi imezidi.

Nilimwambia hospitali, mwezi wake wa mwisho, mchana, huku namenya chungwa ambalo hakuwa na uwezo wa kulila. Nilimwambia lote, sanduku tupu, mafundo mawili, feni inazunguka na mimi nimesimama. Alinisikiliza macho kwenye dari. Akaomba maji, akanywa.

"Pepetua," akasema, "ule muzigo nilibeba mi. Sufuria, mukeka wa sala, nguo zake zote, na kinu cha tangawizi. Mutu wa kurudi jioni anabeba kinu?"

Nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua kabla hatujatoka getini. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka ishirini na saba, kwa nini alikaa anakula wali wangu na kunyamaza. Akasema alidhani mimi sijui. Alinihurumia, aliona akiniambia mama yake alipanga kubaki tangu mwanzo, nitajilaumu kwa kuikata ile sanda iliyompeleka. Basi nikamwambia mambo mawili matatu ambayo mgonjwa haambiwi. Nilimwita majina. Nilimwambia yeye na mama yake wameniua, kwamba nyumba nzima ile hakukuwa na mtu mwenye akili ya kufungua kinywa. Alicheka mpaka muuguzi akaja kutuangalia. Muuguzi alipoondoka aliniuliza, kwa ile sauti ya upole niliyoisikia mara moja tu maishani, kama asubuhi ile mama yake alisema kitu kingine chochote. Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimechoka kunyamaza, nikamwambia alisema ukijua, utaacha moto uzimike.

Aligeuza uso ukutani.

"Apo mama alikosea," akasema. "Nilijua, na niliupuliza kwa mikono yangu."